Macheo ya Angkor Wat: pa kusimama na namna ya kupiga

Ndugu, umeuliza usimame wapi na utegeshe kamera vipi kupiga macheo ya Angkor Wat, Kambodia. Hekalu hilo linatazama magharibi, kwa hiyo jua huchomoza nyuma yake. Nunua tiketi jana yake, fika saa 11 alfajiri, kisha nenda moja kwa moja kwenye bwawa la kushoto, upande wa kaskazini. Hapo minara yote mitano huonekana, na taswira yake majini. Simama ukingoni kabisa, la sivyo utapiga visogo vya watu.

Rangi nzuri zaidi huja dakika 20 hadi 30 kabla ya jua kutoka. Wengi huikosa kwa kulisubiri jua lenyewe. Anza na ISO 400 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), lenzi pana ya milimita 24, kamera ikiwa juu ya stendi. Pima mwanga angani. Ukipima kwenye mawe yenye giza, anga litatoka jeupe tupu. Lenzi iliyolala chumba chenye kiyoyozi hushika ukungu, hivyo itoe mkobani nusu saa kabla ya kupiga.

Karibu na Machi 21 na Septemba 23 jua hutokea juu ya mnara wa kati, lakini kwa hilo simama kwenye njia ya mawe, mbele ya lango la magharibi.