Laptopu inakwama, feni inalia

SWALI: Laptopu yangu ya Windows 10, RAM GB 4, hukwama kila nikifungua Chrome. Nifanyeje? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager (orodha ya programu zinazoendelea), kisha bofya Memory, yaani matumizi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), ili programu inayokula zaidi ije juu. RAM ikikaribia kujaa, Windows huhamishia data kwenye diski, na hapo ndipo mashine hukwama. Funga kurasa za Chrome usizozihitaji kwanza; End task, kitufe cha kuzima programu kwa nguvu, iwe ya mwisho, kwa sababu haikuhifadhii kazi. Csrss.exe, programu ya Windows yenyewe, usiiguse kabisa: ukiizima, utaona skrini ya buluu. Programu zinazojiwasha zenyewe mashine ikiwaka, zizime kwenye Startup, humo humo Task Manager. Feni ikiendelea kulia ilhali CPU (kichakataji) iko chini ya asilimia 10, shuku vumbi. Na joto letu la Mombasa, jamani, halisaidii.