Benki inataka nyumba, kampuni imelemewa: tuifilisi?

SWALI: Wakili, salaam. Mimi na mdogo wangu tuna kampuni yenye nyumba ya wageni hapa Lindi mjini. Tulikopa benki mwaka 2022, serikali iliposaini makubaliano ya awali na Equinor na Shell kuhusu mradi wa gesi wa Likong'o, tukiamini wageni watafurika. Ujenzi tunausubiri hadi leo, na vyumba vinajaa msimu wa korosho tu. Dhamana ni kiwanja cha kampuni pamoja na nyumba ninayoishi, yenye hati kwa jina langu. Tunadaiwa pia na TRA, NSSF, wafanyakazi na duka la vifaa vya ujenzi. Wiki iliyopita benki imetuletea notisi ya siku 60. Rafiki anashauri tuifilisi kampuni, tufungue nyingine kwa jina jipya, na jenereta na samani tumuuzie shemeji. Tufanye hivyo?

JIBU: Ndugu yangu, hapana. Ushauri huo ni wa kuruka majivu na kukanyaga moto.

Nianze na nyumba, maana hapo ndipo siku zinahesabika. Kampuni ikifilisiwa, kinachogawiwa kwa wadai ni mali ya kampuni. Wewe uliweka rehani nyumba yako mwenyewe, na bila shaka mlisaini pia karatasi za udhamini binafsi, kwa sababu benki zetu kwa kawaida haziikopeshi kampuni ya ndugu wawili bila karatasi hizo. Saini hiyo haifi pamoja na kampuni. Siku mahakama inapomteua mfilisi, yaani mtu wa kukusanya mali ya kampuni na kuwagawia wadai, benki bado inaweza kukugeukia wewe mdhamini kwa deni lote lililobaki.

Notisi ya siku 60 inatokana na Sheria ya Ardhi, Sura 113. Zikiisha bila malipo wala maelewano, benki inaweza kuuza bila kwenda mahakamani, na dalali anatakiwa kutangaza mnada kwa siku zisizopungua 14. Soma notisi yenyewe kwa makini: inaeleza kosa gani, inadai kiasi gani, na hesabu inalingana na taarifa ya akaunti yenu? Halafu kuna swali la mwenzi wako. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Kama ridhaa haikutolewa, hapo pana hoja nzito ya kupeleka mahakamani. Kama alisaini mbele ya wakili, msimtume leo akaape kwamba hakujua. Majaji wameyasikia hayo mara nyingi mno.

Sasa kampuni. Wengi huchanganya sheria mbili. Sheria ya Ufilisi, Sura 25, ni ya watu binafsi, pamoja na wenye jina la biashara tu lisilo kampuni. Nyinyi mko chini ya Sheria ya Makampuni, Sura 212, na humo kufunga si mlango pekee. Wakurugenzi wanaweza kupendekeza mapatano na wadai: mnapunguziwa deni au kuongezewa muda, chini ya msimamizi, wadai wakikubali kwenye kikao. Njia nyingine ni kuomba mahakama itoe amri ya kuiweka kampuni chini ya usimamizi, yaani iendeshwe na mtu anayeteuliwa na mahakama. Amri hiyo ikiwepo, wadai hawawezi kukamata mali ya kampuni bila idhini, wala kampuni haifungwi. Mahakama Kuu iko pia huku Kusini, kwa hiyo hamlazimiki kuikimbilia Dar es Salaam.

Ila angalieni mipaka yake, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Mapatano hayaigusi haki ya mdai mwenye rehani mpaka akubali mwenyewe. Na ulinzi wa usimamizi unafunika mali ya kampuni, yaani kiwanja cha nyumba ya wageni, haufuniki nyumba yako. Kwa biashara ya ukubwa wenu, gharama za wakili na msimamizi nazo zinaweza kumeza kile mnachotaka kukiokoa. Kwa maoni yangu, andikieni benki barua ndani ya siku hizi 60, wala msiende kwa maneno matupu: wapeni mapato ya kila mwezi kwa miaka miwili, mpango wa marejesho makubwa miezi ya korosho na madogo miezi mikavu, na tarehe ambayo mko tayari kuuza kiwanja wenyewe mpango ukishindikana. Kuuza kwa hiari, benki ikiridhia, kwa kawaida huleta bei nzuri kuliko nyundo ya dalali.

TRA wanaweza kukubali malipo kwa awamu, mkiomba kwa maandishi. Msiwaweke mwisho wa foleni, kwa sababu sheria ya usimamizi wa kodi inaruhusu wanaoiendesha kampuni kudaiwa binafsi. Kampuni ikifilisiwa, kodi na mishahara, kwa viwango vilivyowekwa, hutangulia. Duka la vifaa lisilo na dhamana hupata makombo, na mwenye duka akilijua hilo huwa mwepesi kukubali nusu leo.

Kuhusu shemeji: msithubutu. Mali ikiuzwa kwa bei ya kutupa, au ndugu akilipwa mapema ili wadai wengine wakose, mfilisi anaweza kuomba mahakama ibatilishe. Wakurugenzi walioendesha kampuni kwa nia ya kuwalaghai wadai wanaweza kuamriwa kulipa kutoka mifukoni mwao. Vilevile msisaini tamko kwamba kampuni italipa madeni yote ndani ya mwaka ili tu mfunge kwa njia rahisi ya wanahisa. Tamko la uongo ni kosa la jinai.

Kampuni mpya yenyewe si kosa, BRELA, wasajili wa makampuni, wataiandikisha. Lakini ikianza na jenereta ileile, wafanyakazi walewale wasiolipwa na namba ileile ya simu mlangoni, wakili wa benki hatahitaji mchana mzima kumwonyesha jaji ilikotoka.