Kabla hujaandika, bisha hodi: kwa wanaoanza mwaka wa kwanza

Wadogo zangu, najua mmeshapewa silabasi ya somo la uandishi, na najua ukurasa uliowashtua. Ni ule unaowataka mwende kukaa katika ulimwengu pepe, yaani ulimwengu uliotengenezwa ndani ya kompyuta, mtazame watu wanavyoishi humo, kisha mwandike insha ya kurasa nane. Wawili kati yenu wamenipigia simu kuuliza kama hii ni kazi ya chuo kweli au ni mchezo. Ni kazi ya chuo. Mimi niliipata mwaka 2013, nilipofika Ohio, Marekani, nikitokea Tanga, na ndiyo iliyonifundisha kuandika.

Ulimwengu tuliopewa ni Second Life, uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Humo hakuna mshindi wala alama za kukusanya. Unajiunga bure, unajitengenezea mwili unaoitwa avatari, unatembea, unaruka angani, unazungumza na unaowakuta. Ukitaka unanunua kiwanja kwa fedha yao, dola ya Linden, unajenga. Nyumba, viti, nguo na miti mtakayoiona, karibu yote imetengenezwa na wakazi wenyewe. Kwa hiyo mkiingia mjue mnaingia mahali pa watu.

Nianze na insha, maana hapo ndipo nilipoumia zaidi. Kidato cha sita nilikuwa mzuri wa insha. Fungua kwa methali, eleza maana ya maneno ya swali, shusha hoja sita, kila hoja na mfano wake, funga. Nikaandika rasimu ya kwanza kwa mtindo huo: Second Life ina faida na hasara. Faida tatu, hasara tatu. Mwalimu hakuniwekea alama. Aliandika pembeni swali moja tu: nani atabisha?

Nilikaa na swali lile siku mbili. Kwetu insha isiyobishiwa ndiyo nzuri, imekamilika, haina tundu. Chuoni ni kinyume. Sentensi ambayo kila mtu ataikubali kabla hujamwonyesha ushahidi haihitaji kurasa nane. Kila kitu duniani kina faida na hasara, hata panga. Hoja kuu ya insha lazima iwe kauli ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuikataa, halafu wewe unamwonyesha kwa nini asiikatae. Na iwekwe mapema. Sisi tumelelewa kuulizana habari za nyumbani, za kazi na za watoto kabla ya kutaja kilichotuleta, na ni adabu nzuri, msiiache. Lakini msomaji wa insha ya Kiingereza anataka kujua kilichokuleta tangu ukurasa wa kwanza.

Hoja hiyo unaitoa wapi? Yangu ilitoka kwenye kosa la saa. Darasa lilipangwa kukutana kwenye kisiwa kimoja cha humo Second Life saa kumi jioni. Nikaingia saa kumi jioni ya Ohio, nikakuta kisiwa kitupu. Sikujua kwamba saa ya Second Life inafuata majira ya California, ambako wako nyuma ya Ohio kwa muda wa saa tatu. (Nyumbani Tanga ilikuwa usiku wa manane, mama amelala, hata wa kumpigia sikuwa naye.) Nikadhani wamechelewa, nikabaki. Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikachukua daftari nikaanza kuandika nilichokiona. Jua lilizama mbele yangu, giza likaingia, na kabla sijachoka kukaa kukapambazuka. Siku ya Second Life kwa kawaida ni ya saa nne tu, tatu za mwanga na moja ya usiku.

Kisha nikaenda kutembea visiwa vya jirani. Nikafika kwenye nyumba nzuri ya mbao iliyo ufukweni, mlango wazi. Nikasimama nje. Nikaandika kwenye kisanduku cha mazungumzo: "Hodi." Hakuna aliyejibu. Nikaandika tena. Mara ya tatu nikaondoka, kama nilivyofundishwa. Nyumba ya pili ilikuwa imezungushiwa mistari myekundu hewani yenye maandishi ya kukataza kuingia, na avatari wangu aligonga mistari ile kama kagonga ukuta. Lakini nilipocheza na vitufe nikagundua kwamba kamera yangu, yaani jicho langu, ilipita. Mwili umezuiwa nje, jicho liko sebuleni linaangalia makochi.

Nililiandika hilo kwenye daftari bila kujua kwamba ndiyo insha.

Siku zilizofuata nikaongeza la pili. Mazungumzo ya kawaida ya kuandika katika Second Life humfikia kila aliye ndani ya mita 20. Ukinong'ona ni mita 10, ukipaza sauti ni mita 100. Ukuta haubadilishi kitu: watu wawili wakizungumza chumbani, aliye barabarani umbali wa mita 15 anasoma kila neno. Hapo nikakumbuka nyumba tuliyopanga utotoni, ambayo kuta zake za ndani hazikufika juu kwenye paa. Jirani akikohoa tunasikia, mama akimsema baba tunasikia, na jirani naye anasikia yetu. Watu wa nyumba ile walikuwa na taratibu zao. Walishusha sauti, waliongeza redio, na walijifanya hawakusikia. Heshima ilifanya kazi ambayo ukuta haukuweza. Je, Second Life wanafanyaje?

Ndipo rasimu ya pili ikapata kauli inayobishika: kwamba mipaka ya nyumba za Second Life inauzuia mwili, ambao hauna hatari yoyote, na kuliacha jicho na sikio, ambavyo ndivyo vinavyovunja faragha, kwa hiyo faragha humo inalindwa na adabu za wakazi kuliko kuta wanazojenga. Mwalimu aliandika pembeni kwamba hajui kama anakubaliana nami. Sikuwahi kufurahishwa na maneno ya mwalimu kama siku ile.

Na kwa sababu inabishika, lazima uibishie wewe mwenyewe kabla ya msomaji. Mwenye kiwanja anaweza kuweka mpangilio unaowaficha walio ndani ya kiwanja chake wasionekane na walio nje, na mazungumzo yao yasitoke. Hilo lilikuwa linaibomoa hoja yangu nusu nzima. Nilishawishika kulinyamazia. Msifanye hivyo, kwa sababu msomaji anayelijua jambo hilo atawaona ama hamjui ama mnaficha. Nililiweka kwenye aya yake, nikalikubali, kisha nikaonyesha wakazi niliozungumza nao ambao wangeweza kuutumia mpangilio huo na hawakuutumia, na sababu walizonipa. Aya hiyo ndiyo iliyobeba insha.

Wakazi hao niliwaomba ruhusa kwanza. Avatari mnayemwona akicheza muziki au akipamba duka nyuma yake kuna mtu ameketi mbele ya kompyuta, na hajui kwamba nyinyi ni wanafunzi mnaoandika. Jitambulisheni, semeni mnaandika nini, ombeni kunukuu, na mkipewa ruhusa badilisheni jina lake la humo pia, maana kwa wengi jina hilo ndilo wanalojulikana nalo miaka yote. Mtu akikataa, mshukuru na muondoke. Wakati mwingine ataondoka yeye katikati ya mazungumzo bila kuaga. Sikuwahi kulizoea hilo, na hamlazimiki kulizoea.

Kuhusu vyanzo, nitasema lililonisumbua. Yupo mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Irvine, Tom Boellstorff, aliyefanya utafiti ndani ya Second Life kati ya mwaka 2004 na 2007 kwa njia zile zile ambazo wenzake hutumia kijijini: kukaa na watu, kushiriki mambo yao, kuandika daftari. Nilipomsoma nilitaka kumnukuu kila aya na kukaa kimya nyuma yake. Yeye profesa, mimi nimefika juzi. Mwalimu aliniambia nimemgeuza kuwa mzee wa kikao ambaye akisema wengine wanaitikia. Msomi mnayemnukuu ni mtu mliyemkuta barazani akizungumza. Mnasikiliza, kisha mnaongeza lenu. Yeye hakuwa na nyumba ya Tanga yenye kuta zisizofika paani. Mimi nilikuwa nayo. Na msishtuke kwamba anatajwa kwa jina la ukoo na mwaka tu, bila "Profesa" wala "Mheshimiwa". Haimvunjii heshima.

Sasa jambo zito. Katika rasimu ya pili nilichukua nusu aya ya makala fulani, nikabadilisha maneno kama sita hivi, nikaweka jina la mwandishi mwishoni. Kwa mazoea yetu ya madesa, ambapo nakala moja huzunguka bweni zima na kila mtu anaikariri, niliona nimetenda haki kabisa. Niliitwa ofisini. Nilielezwa kwamba kubadilisha maneno machache huku ukiacha mifupa ya sentensi ya mtu ni wizi wa kitaaluma hata jina lake likiwepo, na kwamba kwa mara ya pili kesi ingekwenda mbele. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Sitaki hata mmoja wenu akae kwenye kiti kile.

Dawa niliyoipata ni hii, na inafanya kazi kwetu tulio na lugha mbili. Soma ukurasa, ufunge. Jieleze kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unamsimulia mama kwenye simu. Ukikwama hujaelewa, rudi usome. Ukiweza kusimulia, andika kwa Kiingereza kutoka kwenye Kiswahili chako. Mifupa ya sentensi itakuwa yako. Kisha linganisha na kitabu na uweke jina na mwaka. Katika daftari maneno yaliyonakiliwa neno kwa neno yaandike kwa wino wa rangi nyingine, ili mwezi ujao usije ukayadhania ni yako. Asilimia inayotolewa na Turnitin, programu inayolinganisha insha yako na maandishi mengine, isiwape usingizi wala hofu: inaonyesha maneno yanayofanana na ya kwingine, basi, na hata orodha ya marejeo inaweza kuipandisha.

Mtindo wa APA, yaani utaratibu wa kutaja vyanzo, ulizeni ni toleo gani. La saba lilitoka mwaka 2019 na mifano mingi iliyobaki mitandaoni ni ya la sita. Kama kompyuta yenu ni dhaifu, punguzeni umbali wa kuona katika mipangilio ya Second Life uwe mita 64 na picha zitaacha kukwama. Ikishindikana, tumieni kompyuta za maktaba.

Kituo cha uandishi cha chuo, ambako wanafunzi husaidiwa na insha zao, nendeni mapema, na rasimu mbovu mkononi. Mimi nilichelewa kwa sababu nilidhani ni hospitali ya wasiojua Kiingereza. Niliyemkuta pale hakunisahihishia hata sarufi. Aliniuliza tu insha inasema nini, nikamweleza kwa mdomo dakika tano, akaniambia: hayo uliyoyasema hayamo humu.

Wiki hii msiandike insha bado. Fungueni akaunti, hesabuni vizuri tofauti ya saa, chagueni sehemu moja na mkae hapo saa nzima bila kuzungumza na mtu, daftari mezani. Nipigieni Jumapili mnisomee mlichokiona.