Majibu yameandikwa "jeni": je, saratani ya damu imetoka kwenye ukoo?

SWALI: Mwanangu wa miaka 4 ana lukemia ya limfoblasti, aina ya saratani ya damu. Baada ya mwezi wa dawa, uboho wake umekutwa safi. Kwenye majibu kuna maneno ETV6-RUNX1, tukaambiwa ni mabadiliko ya jeni. Upande wa baba yake wanasema ugonjwa umetoka kwetu. Je, nimpime na mdogo wake? Kuna mtu anatuuzia dawa ya unga ya kusafisha jeni, anataka tuache za hospitali.

JIBU: Mama, jeni hupimwa ili kupanga matibabu, si kutafuta mchawi. Nachoka kuona familia zinagombana kwa sababu ya neno hilo moja.

Karatasi ile inaeleza jeni za seli za saratani. ETV6-RUNX1 maana yake kipande cha kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 12 kilibadilishana nafasi na cha kromosomu ya 21 ndani ya seli moja ya damu, mara nyingi mtoto akiwa bado tumboni. Hakurithi kwako wala kwa baba yake, na wanawe hawatairithi. Wapo watoto wengi wanaozaliwa na seli chache za namna hiyo wasiugue kamwe, kwani lazima hitilafu nyingine zifuate. Mdogo wake hahitaji kipimo. Wangekuwa mapacha wa kufanana ningejibu vingine, maana hao huweza kupitishiana seli hizo kupitia kondo la nyuma.

Saratani za kurithi zipo, kama zile za hitilafu ya jeni iitwayo TP53, lakini ni chache na kipimo chake hufanywa kwenye seli zisizo na saratani. Hilo si lenu. Aina ya mwanao ni miongoni mwa zinazoitikia dawa vizuri zaidi. Hata lukemia yenye kromosomu ya Philadelphia, hitilafu nyingine ya seli za saratani iliyokuwa ikitutisha sana, siku hizi tunaiongezea dawa ya imatinibu na watoto wengi wanapona.

Sasa huyo muuzaji. Jeni haioshwi kwa unga. Na uboho "safi" haimaanishi ugonjwa umekwisha: mtoto huanza matibabu akiwa na seli za saratani zinazoweza kufika trilioni moja, ilhali hata kipimo kikali kinachoona seli 1 kati ya 10,000 kinaweza kukosa mamilioni yaliyobaki. Ndiyo maana dawa huendelea kwa miaka 2 au zaidi, mtoto akiwa anacheza na kunenepa. Wauzaji hawa huja wakati huohuo, kemo (dawa za saratani za hospitali) ikiwa imeshafanya kazi, kisha wanajipa sifa. Saratani ikirudi hawapatikani, na iliyorudi ni ngumu kuliko ya kwanza.

Watasema mimea ni dawa. Ni kweli: vinkristini anayochomwa mwanao hutokana na ua la Madagaska. Ila hupimwa kwa miligramu, huingia kwenye mshipa tu, na ikikosewa ikaingia kwenye maji ya uti wa mgongo, inaua. Unga usiojulikana umepimwa na nani? Unaweza kuumiza ini lililokwisha kuelemewa na dawa zake za saratani, merkaptopurini na methotreksati, tukalazimika kusimamisha dawa zenyewe.

Kama umeshampa hata kijiko kimoja, mwambie daktari wake leo na umpelekee pakiti.