Re: Armored Armadillo hapigiki, nifanyeje?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini risasi zako zinagonga mwilini mwa Armored Armadillo bila kumpunguza nguvu, ukasema pale kibanda cha gemu Ngamiani wote wamekata tamaa. Msikate tamaa jamani, Mega Man X ni gemu la haki sana, kila bosi, yaani adui mkuu wa mwisho wa hatua, lina dawa yake.

Huyu anajikunja na kubiringika kama kakakuona, na akishajikinga, risasi yako hata ukiichaji namna gani haimdhuru, tena anaweza kukurudishia moto. Kwa hiyo acha kubonyeza ovyo. Dawa yake ni silaha ya umeme, Electric Spark, unayoipata ukimuua bosi mwingine, Spark Mandrill. Ikimpata tu, umeme unamtikisa mwili mzima na magamba yanamtoka! Kuanzia hapo hana kinga tena. Kubiringika bado atabiringika, anadunda ukuta huu na ule, basi wewe panda ukutani, mwache apite chini, kisha shuka umpige akiwa amesimama.

Mandrill naye akikusumbua, anza na bosi Chill Penguin. Silaha yake, Shotgun Ice, inamgandisha Mandrill palepale, na kwenye hatua yake Penguin, ile ya barafu, unaokota viatu vya kukimbilia, ambavyo kwangu ni muhimu kuliko silaha yoyote.

Ukimmaliza Armadillo unapata Rolling Shield. Nenda nayo moja kwa moja kwa bosi Launch Octopus, maana ndiyo dawa yake.