Ninunue nyumba ya likizo Pwani ama niendelee kukodi? Maswali yenu na majibu

Tangu Januari inbox imejaa maswali ya nyumba za Pwani, nadhani bili za Desemba zimewauma watu. Nimechagua haya machache, majina nimeyaacha.

Sisi tuko Kitengela, kila Desemba na Pasaka tunashuka Diani na watoto, tunakodi apatimenti. Sasa tumeonyeshwa ya vyumba viwili kwa milioni 9 na mzee wangu anasema tukinunua tutaokoa pesa ya kukodi. Ni kweli?

Mama, shika kalamu kidogo. Tuseme Desemba mnakaa siku kumi na Pasaka nne, na tuseme mnalipa 9,000 kwa usiku, hiyo ni 126,000 kwa mwaka mzima. Sasa hiyo milioni 9, hata ikilala mahali inazaa asilimia 10 tu, ni laki tisa kila mwaka, na hapo hamjagusa mtaji. Kuna stempu duti, ile kodi ya serikali ya kuhamisha mali, 4% kwa mali ya mjini na 2% ya mashambani, kwa hivyo mkipigiwa ile ya mjini laki tatu na sitini zimeenda kabla hamjanunua hata kijiko, wakili naye anangoja chake, halafu servisi chaji, ada ya kutunza jengo, inakuja kila mwezi muwe Diani muwe Kitengela, haijui mtu amesafiri ama hajasafiri. Basi mzee asiseme mnaokoa. Kama mnataka mahali penu, watoto waache baiskeli zao na wazikute mwaka ujao, hiyo ni sababu nzuri kabisa na mimi sina neno, lakini iiteni starehe na muitoe kwenye pesa ya starehe, isiwe ile ya shule. Na kabla ya kulipa ile depoziti ya 10%, nendeni mkodi jengo hilohilo wiki moja mwezi wa tano. Masika imeshika, kusi inavuma, mwani umejaa ufuoni, mahoteli mengine yamefunga, tumbili wanaingia jikoni kama wao ndo wenye nyumba. Mkirudi bado mnaitaka, nunueni.

Si Airbnb itailipia? Dalali ameniapia inajaa mwaka mzima.

Dalali analipwa ukinunua, halipwi ikijaa. Mwambie muuzaji akupe rekodi za miaka miwili, mwezi kwa mwezi, na uanze kusoma Mei na Juni, usianze na Desemba. Alafu toa kamisheni ya meneja maana wewe uko mbali, toa wa kufua mashuka, boza la maji, leseni ya kaunti na ya Tourism Regulatory Authority, kodi ya KRA, na tokeni za stima, na hapa kwa stima nakwambia kweli mgeni anawasha AC anafungua na dirisha asikie bahari, tokeni ya wiki inaisha siku mbili. Kinachobaki ndo chako. Na kuna jambo watu hawaliwazi mapema, zile siku nyumba inalipa vizuri ndo hizohizo wewe na familia mnataka kuja, kwa hiyo ukija Desemba umeikalia faida yako mwenyewe, usipokuja basi umenunua gesti, hujanunua nyumba ya likizo.

Niko Minnesota, nilichukua uraia wa Marekani 2006. Nataka kanyumba Kilifi, naambiwa nitahesabiwa mgeni, inawezekanaje na mimi nimezaliwa Kaloleni?

Inawezekana ndugu yangu. Wakati huo sheria ya Kenya haikuruhusu uraia wa nchi mbili, ulipochukua ule wa Marekani wa huku ulikutoka. Katiba ya 2010 ndo ilifungua mlango, na aliyezaliwa raia anaweza kuomba arudishiwe, lakini haurudi wenyewe, lazima uombe. Usipoomba, Ibara ya 65 inasema asiye raia anashika ardhi kwa lisi tu, yaani ya kukodishiwa kwa muda, isiyozidi miaka 99, na hata ukiuziwa ardhi ya freehold, ile isiyo na mwisho wa muda, utahesabiwa una lisi ya miaka 99. Anza na makaratasi ya uraia, ploti baadaye. Na tafadhali, ile ya kununua kwa jina la mdogo wako "kwa muda" wacha kabisa, sitaki kueleza zaidi, kila ukoo una hiyo kesi.

Nimepata nyumba Mombasa kwa bei ya kutupa, lakini mwenyewe anasema ananiuzia "nyumba bila ardhi". Ni utapeli?

Hapana, si utapeli, ni mambo ya Mombasa ya tangu zamani. Ardhi ina mwenyewe, pengine familia fulani, pengine ni wakfu, na aliyejenga juu yake anamiliki kuta na paa tu, kila mwezi ama mwaka anampelekea mwenye kiwanja kodi yake. Watu wameishi hivyo vizazi na vizazi, wamezaa, wameozesha. Shida inakuja mzee wa zamani akifa, watoto wake wakauza ardhi kwa mtu anayetaka kuinua ghorofa, ndo barua za kuwahamisha zinaanza. Benki nayo haikukopeshi kwa nyumba ambayo chini yake si yako. Kwa mtu anayeishi hapo na anajuana na mwenye ardhi naelewa, lakini wewe wa kuja mara mbili kwa mwaka hutajua hata kama mwenye ardhi amekataa kupokea kodi. Mimi singenunua.

Na kwa kuwa tumefika kwa ardhi, ukinunua hata yenye hati safi ukaiacha miaka, kumbuka sheria yetu inampa aliyekaa wazi kwenye ardhi ya mtu miaka 12 bila ruhusa nafasi ya kwenda kortini kuidai. Fanya sachi rasmi mwenyewe kwa ofisi ya ardhi uone hati ina jina la nani, usiletewe fotokopi, halafu nenda ukaongee na majirani na mzee wa mtaa. Kilifi hasa, hati inaweza kuwa na jina moja na waliozika babu zao hapo wakawa wengine, na sachi haitakwambia hilo.

Ploti inauzwa bei juu kwa sababu ina "beach yake private". Inafaa?

Hakuna beach ya mtu. Kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, Ibara ya 62 ya Katiba. Unalipia kuwa karibu, wauza madafu watapita mbele yako kama kawaida.

Tuko mabinamu watano, tunataka kuchanga nyumba Watamu.

Mnapendana sasa hivi, ndo wakati mzuri wa kuandikiana. Hisa za kila mmoja zionekane kwenye hati, mfuko wa ukarabati ujae kabla paa halijavuja, anayetoka auzie wenzake kwanza kwa bei ya valua, yule mthamini wa mali, na Desemba izunguke kwa zamu iliyoandikwa. Mmoja akifariki hisa zake zinaenda kwa warithi, maana yake shemeji ambaye hamsalimiani leo kesho ni mshirika. Mkishindwa kukubaliana hayo kwa maneno, hela zibaki mifukoni.

Nikienda kuiona nyumba niangalie nini? Mimi si fundi.

Usiangalie bahari, itakuwepo tu. Angalia chini ya balkoni, ukiona mstari wa rangi ya kutu kwenye zege ujue nondo ndani zimeanza kuoza, mara nyingi walijengea mchanga wa ufuoni wenye chumvi. Pitisha kiganja ukutani karibu na sakafu, plasta ikibaki mkononi kama unga basi chumvi inapanda. Fungua bomba uonje, visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvi na hayo ndo yanakula hita na mifereji. Angalia bawaba za madirisha na kile kiboksi cha AC cha nje. Kama ni makuti, uliza yaliezekwa lini, miaka mitano sita hivi unaezeka upya, na uliza bima kabisa kabla hujakubali bei, maana makuti na moto unajua. Kama muuzaji amepaka rangi juzi, rudi tena baada ya mvua.

Na Zanzibar je? Paje ni pazuri kuliko Diani.

Pazuri, sibishi. Lakini Mkenya ukivuka huko ni mgeni, Jumuiya ya Afrika Mashariki haibadilishi hilo, na ardhi ya Zanzibar ni ya serikali, kwa hiyo utapata lisi ama apatimenti kwenye mradi ulioruhusiwa kuuzia wageni, kama ule wa Fumba. Tafuta wakili wa Zanzibar, si wa Nairobi, na si yule atakayeletwa na muuzaji.