Pasaka: tarehe, mayai, sungura na majivu

Kwa nini Pasaka haina tarehe moja kama Krismasi?

Kwa sababu hufuata jua na mwezi kwa pamoja. Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, ambayo huangukia mwezi mpevu. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waadhimishe Jumapili moja. Kanuni iliyokuja kukubalika ni hii: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21, siku ambayo Kanisa huihesabu kuwa ya usiku na mchana kulingana, au baadaye. Mwezi ukijaa Jumapili yenyewe, Pasaka husogezwa hadi Jumapili inayofuata. Hivyo haiwezi kuja kabla ya Machi 22 wala kupita Aprili 25.

Wengi hukosea hesabu kwa kuangalia mwezi wa angani, ilhali Kanisa hutumia mwezi wa kwenye majedwali yake. Mwaka 2019 mwezi ulijaa Machi 21, saa chache tu baada ya usiku na mchana kulingana. Aliyehesabu kwa macho alitarajia Pasaka Machi 24. Majedwali yalikuwa yameuweka mwezi huo Machi 20, siku moja kabla ya mpaka, kwa hiyo ikabidi kungoja mwezi mwingine na Pasaka ikawa Aprili 21.

Na Waorthodoksi je?

Wengi wao hukokotoa kwa kalenda ya Juliasi, ambayo sasa iko nyuma ya kalenda ya kawaida kwa siku 13, na majedwali yao ya mwezi ni tofauti pia. Mwaka 2024 walisherehekea Mei 5, wakati Wakristo wengine walikuwa wameshamaliza Machi 31. Mwaka 2025 wote walikutana Aprili 20.

Kwaresima, mfungo wa kabla ya Pasaka, ni siku 40, mbona nikihesabu tangu Jumatano ya Majivu napata 46?

Umehesabu na Jumapili 6. Hizo hazifungwi, maana kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuko.

Mayai yanahusiana nini na ufufuko?

Anza jikoni kabla ya kwenda kwenye ishara. Katika karne za kati mayai yalikatazwa wakati wa Kwaresima, sawa na nyama. Kuku hawakujua habari ya mfungo. Tena huko kaskazini, siku zinaporefuka ndipo hutaga zaidi, kwa hiyo mfungo ulipoisha mayai yalikuwa yamerundikana. Yakaliwa, yakagawiwa, yakapambwa. Mwaka 1290 mfalme Edward I wa Uingereza alilipia mayai 450 ya kupambwa na kugawiwa watu wake. Maana ya kaburi lililofunguka ilishikamana na desturi hiyo. Wakristo wa Mashariki huyapaka rangi nyekundu, ishara ya damu ya Kristo, na kwa kawaida kazi hiyo hufanywa Alhamisi Kuu.

Ukitaka kujaribu, chemsha maganda makavu ya vitunguu 12 vya manjano katika lita 1 ya maji kwa dakika 30. Chuja, acha yapoe, kisha tia vijiko 2 vya siki. Weka mayai yaliyooshwa, yachemke polepole kwa dakika 12. Utapata wekundu wa kutu. Yai lililotoka kwenye friji likitumbukizwa katika maji ya moto hupasuka. Lenye mafuta kwenye ganda hutoka na mabaka. Siki ikizidi, hula ganda.

Nimesikia sungura ni wa mungu wa kipagani, Eostre. Ni kweli?

Ushahidi ni mwembamba mno. Aliyemtaja mungu huyo ni mtawa Beda, mwaka 725, akieleza jina la mwezi mmoja wa Waanglo-Saksoni. Hakusema lolote kuhusu sungura wala mayai. Kuunganishwa kwao ni kazi ya wasomi wa Kijerumani wa karne ya 19. Sungura mwenyewe anaonekana katika maandishi ya daktari Georg Franck von Franckenau, mwaka 1682, akisimulia imani ya watoto kwamba ndiye aletaye mayai. Wahamiaji wa Kijerumani wakampeleka Pennsylvania, Marekani.

Majivu wanayopakwa waumini Jumatano ya Majivu hutengenezwaje?

Kwa matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Yakaushe kabisa, yakate vipande vifupi, yachome nje ndani ya chombo cha chuma, kisha yaponde na kuyachekecha mara mbili. Matawi mabichi hutoa moshi tele na majivu yenye vipandevipande visivyoshika. Hatari kubwa ni maji: majivu yakiloweshwa hutoa maji makali kama ya magadi, nayo yameshaunguza vipaji vya nyuso vya waumini. Yatumie makavu, au yalainishe kwa matone machache ya mafuta.